Land Rover au Subaru: Historia ya Kiti cha Nyuma

Mwezi wa Januari mama alituita jikoni, mimi na mjomba, akaweka bahasha mezani. Ndani kulikuwa na karatasi ya SACCO. Mkopo ulikuwa umepita: laki tisa. Mjomba akapiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu nilijua pesa hizo zilikotoka na zilikokuwa zinaelekea mwanzoni. Nilipoacha chuo katikati ya mwaka wa pili kwa kukosa karo, mama aliniahidi kwamba akimaliza mkopo ule wa kwanza atachukua mwingine ili nirudi. Huu ndio ulikuwa huo mwingine, na sasa ulikuwa unaenda kununua gari.

Ningelalamikaje? Gari lilikuwa la shosho. Shosho anaishi Kinangop, kilomita sita kutoka lami, na nyonga yake ya kushoto imekwisha. Kila mwezi ni lazima afike kliniki Naivasha. Wakati wa jua anapakatwa kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mmoja wetu, akiuma meno njia nzima. Mvua ikianza, bodaboda nazo zinashindwa, na kinachobaki ni trekta la jirani. Aprili mwaka jana tulimketisha kwenye trela juu ya gunia la viazi, watu wawili wakimshikilia. Baada ya siku hiyo alikataa kutoka nyumbani kwa wiki saba. Dawa ziliisha na hakusema.

Basi swali likawa gari gani.

"Land Rover," mjomba alisema hata kabla chai haijamiminwa. Alikuwa anajua mtu Gilgil anayeuza One Ten ya zamani, ya dizeli. "Hiyo haijui matope ni nini."

Mama alikuwa ameona Subaru Forester kwenye yadi moja Ngong Road. "Mtu anaumwa nyonga, wewe unataka kumpakia kwenye lori?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Kisha mama akanigeukia mimi. "Wewe si unasema unaandika mambo ya historia? Nenda utafute, utuambie." Alisema kwa kejeli kidogo, lakini nilienda. Sikuwa na kazi ya kuniweka bize wiki hiyo. Niliyoyapata ni haya.

Land Rover ilizaliwa kwa uhaba. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimeisha, Uingereza haina pesa, na chuma kinagawiwa kwa kipimo. Kampuni ya Rover ilikuwa inatengeneza magari ya watu wenye nafasi, ambao sasa hawakuwa na nafasi tena. Mhandisi wao mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na shambani humo alikuwa akitumia Jeep ya Wamarekani iliyobaki baada ya vita. Kwa nini tusitengeneze yetu? Mwili wakaufanya wa aluminiamu, kwa sababu aluminiamu ilipatikana kuliko chuma. Aprili 1948 gari likaonyeshwa kwenye maonyesho ya magari Amsterdam. Lilikuwa gari la mkulima, la kuvuta plau na kuendesha mashine. Starehe haikuwa kwenye hesabu. Hata paa na milango, mwanzoni, ulilipia kando.

Angalia jinsi lilivyopangwa ndani. Mbele kuna viti vya dereva na wenzake. Nyuma kuna sanduku wazi. Ukitaka kubeba watu huko, unaweka benchi mbili kando kando, watu wanatazamana, magoti yanagongana, hakuna cha kushikilia. Waliolichora walikuwa wanamfikiria dereva na mzigo wake. Mtu wa nyuma hakuwa kwenye mchoro.

Miaka minne baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Kenya. Gari lililoundwa kwa ajili ya shamba lilikuwa tayari mikononi mwa masetla, na sasa likawa gari la polisi na la askari. Ukitazama picha za miaka hiyo utaliona kila mahali: kwenye vizuizi vya barabara, mbele ya vituo vya polisi, kando ya mistari ya watu walioketi chini mikono ikiwa kichwani. Lilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu ile ile lililofaa shamba. Lilifika mahali ambapo magari mengine hayafiki.

Shosho alizaliwa Kinangop kwenye shamba la Mzungu, baba yake akiwa skwota. Wakati wa hali ya hatari familia yao iliondolewa shambani, ikarudishwa rizavu. Kuanzia 1954 watu zaidi ya milioni moja walilazimishwa kuingia vijiji vilivyozungushiwa handaki na ua wa miti iliyochongwa ncha, na yeye alikuwa mmoja wao, mtoto wa miaka kumi hivi. Sikuwahi kumwuliza kuhusu magari. Nani humwuliza nyanya yake kuhusu magari? Safari hii nilimpigia simu, nikamwuliza anakumbuka Land Rover.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema walikuwa wanaijua kwa mlio kabla hawajaiona. Mlio ukianza bondeni, kina mama walihesabu watoto. "Ikija, kuna mtu ataingia nyuma. Na hatukujua kama tutamwona tena."

Nilitaka kumwambia mjomba mara hiyo hiyo kwamba mjadala umekwisha. Lakini shosho hakuwa amemaliza. Uhuru ulipokaribia, mpango wa kununua ekari milioni moja kutoka kwa masetla ulianza, 1962, na Kinangop ikawa mojawapo ya sehemu zilizogawanywa. Yeye na guka walipata shamba. Guka alikuwa dereva wa chama cha maziwa, na gari la chama lilikuwa Land Rover, ile ndefu. Ilibeba mitungi ya maziwa asubuhi, na mchana ilibeba wagonjwa, maiti, bibi harusi na mbolea. Mama yangu mwenyewe nusura azaliwe ndani yake, njiani kuelekea hospitali. "Hiyo nayo ilikuwa yetu," shosho alisema. Gari ni lile lile. Aliyeshika usukani ndiye aliyebadilika.

Sasa tuje kwa hiyo nyingine.

Kufikia mwisho wa miaka ya sitini, watu wengi walikuwa wamechoka kutikiswa. Waliohitaji gari la kupita pabaya walikuwa wanalipa kwa migongo yao, na kampuni mbili, kila moja upande wake wa dunia, ziliona jambo hilo karibu wakati mmoja.

Ya kwanza ilikuwa Rover yenyewe. Mwaka 1970 ilitoa Range Rover. Walichukua wazo la Land Rover, wakaondoa zile springi za mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya nyingine, wakaweka springi za kujikunja, wakaweka injini ya V8, na magurudumu yote manne yakawa yanasukuma wakati wote. Yaani walianza na gari gumu wakalilainisha. Mwanzoni hata Range Rover ilikuwa na sakafu ya kuoshwa kwa mpira wa maji, lakini ilikuwa imeshaanza njia ambayo leo imeishia kwenye maegesho ya hoteli za Westlands.

Ya pili ilitoka mahali ambapo hakuna mtu angetazama. Kaskazini mwa Japani kuna eneo linaloitwa Tohoku, lenye theluji nyingi. Kampuni ya umeme ya huko ilikuwa na mafundi wa kukagua nyaya milimani wakati wa baridi, na walitumia jeep. Jeep zilifika, lakini watu waliokuwa ndani walifika wameganda. Kampuni ikamwuliza muuza magari wa Subaru katika mkoa wa Miyagi: mnaweza kututengenezea gari la kawaida, lenye hita na viti vya maana, ambalo litapita kwenye theluji?

Muuzaji huyo hakusubiri kiwanda. Alichukua gari dogo la Subaru la kubebea mizigo, lililokuwa likivutwa na magurudumu ya mbele, akapitisha shafti hadi nyuma, akafunga difu ya Nissan Bluebird. Ukipita Kirinyaga Road au Grogan utakuta vijana wanafanya kazi ya namna hiyo leo chini ya jua, spea ya gari hili kwenye gari lile. Kiwanda kilipoona inawezekana, kikaichukua kazi. Magari machache yakatengenezwa 1971, na Septemba 1972 ikatoka Leone Estate Van, stesheni wagoni ya kawaida ya familia ambayo ukivuta wenzo, magurudumu ya nyuma nayo yanaanza kusukuma.

Hapo nilisimama kusoma, nikatoka nje kidogo. Swali la mama na mjomba jikoni lilikuwa limeshaulizwa kabla, na mafundi wa umeme waliokuwa wakitetemeka kwa baridi. Stesheni wagoni ya namna hii haikuanza kama gari la anasa la watu wa mjini wanaojifanya wanaenda porini. Ilianza kwa sababu kuna aliyeuliza: anayebebwa anafika katika hali gani?

Kuna jambo lingine nililolipenda. Jina Subaru ni la Kijapani, na ni jina la kundi la nyota. Ndizo nyota zile zile ambazo Waswahili wanaziita Kilimia, kwa sababu wakulima walizitazama kujua wakati wa kulima. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kampuni mama iliundwa 1953 kwa kuunganisha kampuni tano, mabaki ya kiwanda cha ndege kilichovunjwa baada ya vita, na neno lenyewe lina maana ya kuungana. Ndiyo maana nembo ina nyota sita, moja kubwa na tano ndogo. Kwa hiyo kila asubuhi Nairobi imejaa Vilimia vimekwama kwenye foleni ya Thika Road, na hakuna anayejua.

Nilipomweleza mjomba haya yote kwa simu, alicheka. "Hiyo ni theluji. Theluji si matope. Kenya ni Kenya."

Sawa. Basi tuangalie Kenya.

Mwaka huo huo wa 1953, hali ya hatari ikiendelea, masetla waliandaa mashindano ya magari kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo yaliyokuja kuwa Safari Rally. Na ukipitia orodha ya washindi utashangaa. Barabara zilikuwa za vumbi na tope, mito ilifurika, madaraja yalisombwa, lakini walioshinda walikuja na magari ya kawaida ya barabarani. Mwaka 1962 ilishinda Volkswagen, kobe. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha mara tatu mfululizo 1966, 1967 na 1968. Joginder Singh wetu alishinda 1965 kwa Volvo, akarudi 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano kwa Datsun. Hayo yote ni magari ya kusukumwa na magurudumu mawili tu.

Subaru ilileta Leone yake kwenye Safari mwaka 1980. Haikushinda, lakini ilimaliza, na kumaliza Safari ya enzi hizo halikuwa jambo dogo. Mwaka 1987 Hannu Mikkola alishinda kwa Audi 200, gari kubwa la starehe, magurudumu yote manne yakisukuma. Lilikuwa gari la kwanza la aina hiyo kushinda Safari. Lakini stori ninayoipenda mimi ni ya 1993. Patrick Njiru, Mkenya, aliingia na Subaru Vivio, kigari ambacho ukikiona utadhani ni cha kupeleka mtoto shule ya chekechea. Injini haikufika sisi 700. Alimaliza wa kumi na mbili kwa jumla na akashinda katika kundi lake. Mwaka uliofuata, kwa Impreza, alimaliza wa nne. Impreza ilishinda yenyewe 1997 na Kenneth Eriksson, na tena 2000 na Richard Burns.

Baba zetu waliyaona hayo kando ya barabara, wametapakaa vumbi, na ndiyo sababu biashara ya magari ya mtumba kutoka Japani ilipofunguka miaka ya tisini, Subaru haikuhitaji matangazo hapa. Japani wanaendesha upande wetu wa barabara, usukani uko kulia, Mombasa iko na bandari. Leo sheria inakataza kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo Forester inayoshuka melini haijazeeka sana. Ya laki tisa ni ile ambayo imeshakaa mikononi mwa Mkenya mmoja au wawili, na hapo unaomba Mungu.

Lakini lazima niseme ukweli, kwa sababu nilitumwa kutafuta ukweli. Rally si shosho. Dereva wa rally ana mafundi wanaomfuata na anaendesha kwa kasi inayomrusha juu ya matatizo. Barabara ya kwetu ina jambo moja la kipekee: matrekta. Matrekta yamechimba mifereji miwili, na katikati kumebaki tuta. Niliuliza fundi mmoja wa Naivasha anayetengeneza magari yote mawili. Alinichorea kwa kidole kwenye bodi ya gari lililojaa vumbi.

Land Rover, alisema, ina fremu ya chuma kama ngazi, na mwili umefungwa juu yake kwa bolti. Ekseli ni moja nzima kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ukipima nafasi iliyopo chini ya difu ya One Ten, haizidi sana ile iliyopo chini ya Forester, na zote mbili zinapita sentimita 20. Tofauti ni kwamba Land Rover inagusa kwa difu peke yake, lakini Forester inagusa kwa tumbo zima. Tumbo likikaa kwenye tuta, magurudumu yanazunguka hewani kama kobe aliyepinduliwa. Pia Land Rover ina seti ya pili ya gia za chini kabisa, za kutambaa. Unaachilia klachi na gari linapanda lenyewe polepole, bila kukimbizwa. Forester hupita pabaya kwa kujiamini na kasi kidogo. Lakini kila gurudumu la Forester linacheza kivyake, kwa hiyo shimo la kushoto halimrushi mtu wa kulia. "Inategemea unabeba nini," fundi alisema. "Viazi au mtu."

Kisha akaongeza kwamba watu wanagombania gari huku tairi zimeisha. Tairi nzuri za matope kwenye Subaru zitashinda Land Rover yenye tairi laini kama upara.

Nilirudi jikoni na daftari. Nikasoma yote, kuanzia Anglesey mpaka tuta la trekta. Mama akasikiliza sehemu ya Tohoku kwa makini. Mjomba akasikiliza sehemu ya gia za chini. Kila mmoja akachukua alichokuja nacho, na tulikuwa palepale.

Jumamosi iliyofuata mjomba aliomba ile One Ten ya Gilgil kwa siku moja, tukaenda nayo Kinangop. Ilipita kilomita sita bila kushtuka, nakubali. Mimi nilikaa nyuma kwenye benchi, na nilipofika nilikuwa nimeuma ulimi. Shosho alitoka nje kwa mkongojo. Alilitazama gari kwa muda mrefu. Akaligusa ubavuni kwa kiganja, pale kwenye aluminiamu, kama mtu anayegusa ng'ombe aliyemfahamu zamani. Nilijiandaa kwa machozi au kwa laana, sijui.

"Mlango uko juu," alisema. "Mguu wangu haufiki hapo."

Mjomba akasema tutaweka ngazi ndogo. Akasema tutamwinua.

"Nimeinuliwa kutosha," shosho akajibu. Akageuka akaenda kuweka chai.

Tulinunua Forester mwezi wa Februari, na tairi nne mpya za meno. Kiti chake kiko sawa na kiuno cha shosho. Anageuka, anaketi, anaingiza mguu mmoja, kisha mwingine, peke yake. Mara ya kwanza tulipompeleka kliniki alilala usingizi kabla ya kufika Naivasha. Mama alipunguza redio, akawa anamtazama kwenye kioo njia nzima.

Aprili mvua ilikuja. Kilomita tano za kwanza Forester ilipita. Ya sita, pale kwenye mteremko kabla ya shule, tumbo lilikaa kwenye tuta kama fundi alivyochora. Tulivutwa na jirani, na ndiyo, alikuwa na Land Rover. Mjomba hajaacha kuisimulia. Tangu siku hiyo wakati wa mvua tunaliacha gari kwa mteremko, na shosho anamalizia ile kilomita ya mwisho kwa trekta, polepole, kwenye kiti cha plastiki ambacho mjomba alikifunga kwa bolti ndani ya trela na kukiwekea mkanda. Safari hii hajakosa kliniki hata mara moja.

Nimefikiria sana kuhusu hiyo kilomita moja. Familia yetu imekopa laki tisa, imeahirisha masomo ya mtu, imegombana mwezi mzima kuhusu springi na difu, yote kwa sababu ya kilomita sita ambazo zimeahidiwa lami kila uchaguzi tangu mama akiwa shule ya msingi. Tunauliza gari gani ni gumu zaidi kama kwamba ugumu wa barabara umeandikwa mbinguni.

Chuo bado sijarudi. Mama amesema mkopo huu ukiisha atachukua mwingine. Nimemwambia asichukue, nitajilipia kidogo kidogo kwa kuandika. Alinitazama vile alivyomtazama mjomba siku ya Land Rover, lakini hakukataa.

Kwa sasa mimi ndiye dereva wa shosho. Wiki iliyopita nilimwonyesha zile nyota sita kwenye usukani, nikamweleza ni Kilimia, za kujua wakati wa kupanda. Aliinama akaziangalia karibu karibu.

"Basi angalia barabara," akasema. "Za kupanda nitakuambia mimi."